Njia Thelathini na Sita za Kutoka Nyumbani

Mwaka ule wa michezo ya Olimpiki ya Beijing nilikuwa na njia thelathini na sita za kutoka nyumbani kwangu hadi ng'ambo ya barabara, na hakuna hata moja niliyoipenda. Nilizihesabu mwenyewe, nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, maana viti vilikuwa viwili na watu tulikuwa wanne. Jengo letu lilikuwa na milango mitatu ya kutokea, ukihesabu na ule wa kupitia maegesho ya baiskeli ya jengo la jirani. Kutoka hapo kulikuwa na vichochoro vinne vya kuteremkia barabara ya Huanshi Zhonglu, na barabara yenyewe ungeweza kuivuka kwa daraja la juu, kwa njia ya chini ya ardhi au pale kwenye taa. Tatu mara nne mara tatu. Niliandika zote nyuma ya kalenda ya wakala mmoja wa mizigo, nikaibandika ukutani, nikaitazama kwa ile fahari ya kijinga ambayo walimu wa hesabu tunaijua.

Kabla sijawa chochote kingine nilikuwa mwalimu. Miaka tisa nilifundisha hesabu kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni huko bara, na sura niliyoipenda ndiyo wanafunzi waliyoichukia kuliko zote, ile ya kuhesabu vitu bila kuviorodhesha kimoja kimoja. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na kanuni ilitaka tufundishe kwa Kiingereza. Mkaguzi akishaondoka nilikuwa nafunga mlango naeleza kwa Kiswahili. Una mashati matatu na suruali mbili, nikauliza siku moja, unaweza kuvaa kwa namna ngapi? Darasa zima likanitazama, kila mmoja na shati lake moja jeupe na suruali yake moja ya kijani. Mmoja akanyoosha mkono akasema, "Moja, mwalimu." Nikamwambia akae chini. Siku hizi naona yule kijana alijibu sawa, ila sikuwa na akili ya kumpa alama.

Kanuni zenyewe hazina uchawi. Ukilazimika kufanya hiki na kisha kile, unazidisha. Ukiwa na hiari ya hiki au kile, unajumlisha. Halafu kuna swali ambalo niliwaandikia juu kabisa ya ubao kila tulipoanza sura hiyo: je, nani anatangulia, jambo hilo lina maana? Kuchagua wawili wa kwenda kuteka maji ni kitu kimoja. Kuchagua kiranja na msaidizi wake ni kitu kingine kabisa, kwa sababu ukiwabadilisha nafasi umepata jibu jipya. Wanafunzi walikosea hapo mwaka hadi mwaka, nami niliwagombeza mwaka hadi mwaka, kwa sauti ambayo leo naionea aibu.

Guangzhou, kusini mwa China, nilifika kwa likizo moja, kujaribu bahati, nikanunua mzigo wa kwanza ukaniharibikia, nikabaki. Nilijiandikisha chuo cha lugha ili nipate viza ya mwanafunzi. Darasani nilionekana mara mbili tatu kwa mwezi. Siku nyingine zote nilikuwa nawaongoza wafanyabiashara wa nyumbani kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian, pale karibu na stesheni ya treni, nikiwatafsiria na kuwabebea sampuli. Kazi hiyo viza yangu haikuiruhusu. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele litanihusu.

Huko Zhanqian ndiko nilikomjua mama wa Iringa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mjane, mwenye duka la nguo karibu na soko kuu la mjini kwao. Alikuwa amesimama mbele ya duka la blauzi, anabishana kwa mikono. Kulikuwa na mitindo mitatu, rangi nne, saizi tano. Laoban, yaani mwenye duka, alikuwa binti mdogo wa Kichina mwenye kikokotoo kikubwa, na alitaka kumpa mzigo wote wa rangi moja kama ilivyo desturi ya jumla.

"Mwambie laoban huyu sitaki," mama akaniambia, kana kwamba tumejuana tangu zamani. "Kwetu wanawake wawili wakikutana kanisani na blauzi moja, Jumatatu zinarudishwa dukani kwangu zote mbili. Nataka kila sura, moja moja."

Nikatoa kalamu nipige hesabu. Sikuwahi hata kuandika.

"Sitini," akasema. "Kila mtindo una rangi nne, kila rangi ina watoto watano. Unaandika nini tena, mwanangu?"

Laoban alisema mei you, hakuna, mara tatu. Mama akavuta kigoda, akaketi katikati ya mlango, akafungua karanga zake za kukaanga akaanza kutafuna. Wateja wengine wakawa wanamruka. Haikufika saa moja akapata blauzi zake sitini, kila moja na sura yake. Nikamwambia nimefundisha jambo hilo miaka tisa na sijapata mwanafunzi aliyelielewa hivyo. Tangu siku hiyo akawa ananiita mwalimu.

Safari ile hakuja kwa biashara peke yake. Binti yake wa kwanza alikuwa anaagwa. Asiyejua sherehe zetu aambiwe tu kwamba kabla ya harusi, nyumbani kwa binti hufanywa sherehe ya kumuaga, tunaiita sendoff, na usiku huo ni wa mama zaidi ya wa bibi harusi. Yeye ndiye anayesimama naye mbele ya ukumbi, yeye ndiye anayemkabidhi. Mama alikuwa amenunua kitambaa cha sare ya ndugu wote na alikuwa ameshonewa gauni lake na fundi wa Kichina, la rangi ya zambarau, lenye shanga kifuani. Kila jioni alilitoa, akalitazama, akalirudisha.

"Baba yake hayupo," aliniambia. "Nikikosekana na mimi, atakabidhiwa na nani?"

Tatizo lilikuwa viza. Yake ilikuwa ya siku thelathini, na miaka yote watu walikuwa wanaongezewa siku bila shida. Mwaka ule, kwa sababu ya michezo, dirishani kwa uhamiaji walikataa, kwake na kwa wengine wengi. Tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini, isiyobadilishwa tarehe. Kati ya siku ya viza kwisha na siku ya ndege kulikuwa na siku kumi na mbili, na sherehe ilikuwa Jumamosi, siku nne baada ya ndege. Sote tulijua mambo yanavyokwenda. Ukifika uwanja wa ndege kwa miguu yako, unalipa faini pale dirishani, wanakugombeza, unapanda. Ukikamatwa mtaani, unawekwa ndani majuma kadhaa, na ukitolewa ni moja kwa moja hadi kwenye ndege, na muhuri wa kukuzuia kurudi. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu, kumfikisha mama kwenye ndege yake bila kukamatwa.

Nikamchukua akae kwetu, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya saba, jengo lisilo na lifti. Tulikuwa tunakaa watatu, naye akawa wa nne. Mmoja alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mpole, muuza vipuri vya simu, mwenye viza safi ya biashara. Mwingine alikuwa Mkenya kutoka Nairobi, kijana wa mjini haswa, ambaye viza yake ilikwisha zamani na hata yeye alikuwa ameacha kuhesabu miezi. Mama alipewa chumba, sisi wanaume tukabanana sebuleni.

Kukaa ndani tu kusingetosha. Asubuhi polisi walikuwa wanapita wakigonga milango ya vyumba, ghorofa moja baada ya nyingine. Ilibidi wasio na viza waondoke mapema, wakashinde ng'ambo ya barabara kwenye ghala la mizigo la Mchina mmoja aliyetufahamu, ambaye hakuuliza maswali ilimradi uwe unamsaidia kufunga marobota. Mchana barabarani nako walisimama, kila siku mahali papya, na meza ndogo, wanaomba pasipoti. Walikuwa wanachosha. Sisemi walikuwa wakatili, wengi wao walikuwa vijana waliochomwa na jua kama sisi. Walikuwa wanachosha tu, na sisi tulikuwa tumechoka kuliko wao. Ulikuwa ukisikia mluzi wa mtu wa maegesho unashtuka, unajisachi mfukoni kama pasi ipo, hata wewe mwenye viza.

Desturi ya watu wetu ilikuwa hii. Mwenye viza anatangulia, asiye na viza anamfuata hatua hamsini nyuma, simu mkononi. Wa mbele akiona njia shwari, anabipu mara moja, endelea. Akiona polisi, anabipu mara mbili, geuka. Simu haipokelewi, hivyo haigharimu kitu. Nadhani ni Watanzania tu tungeweza kuyakabidhi maisha ya mtu kwa kubipu.

Mimi nikaitia desturi hiyo kwenye hesabu. Wenye viza wawili, wasio na viza wawili, mbili mara mbili, jozi nne. Jozi nne mara njia thelathini na sita, mia moja arobaini na nne. Niliwaeleza hayo nikiwa nimesimama mbele ya kalenda na kijiti cha kulia chakula mkononi. Polisi wanakariri nyuso na mazoea, nikasema. Tukitoka kila siku kwa namna tofauti, hawatatukariri. Njia yenyewe tutaichagua kwa kura, tuweke vikaratasi kwenye makopo matatu ya maziwa, la milango, la vichochoro na la kuvukia, maana mtu akiachiwa achague mwenyewe hurudia ile anayoipenda.

"Buda, mimi Maths nilipata D," Mkenya akasema. "Nionyeshe tu pa kuhepea. Karao hawasomi kalenda yako." Karao kwao ni polisi.

Mama alitikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama ni lazima kura, au anaweza kuomba Mungu kwanza kisha ndiyo achovye mkono. Nikasema hesabu haikatazi.

Mzanzibari ndiye aliyekaa akaitazama karatasi muda mrefu.

"Maalim, hesabu yako nzuri, mashaallah," akasema. "Lakini mie naona mtu mmoja mbele hatoshi. Nyuma yupo nani?"

"Nyuma ndiko tulikotoka, sheikh. Tumeshapaona."

"Haya," akasema. "Wewe ndo maalim."

Siku kumi na moja mpango ulikwenda vizuri. Nisidanganye, ulikwenda vizuri hata nikaanza kutembea kifua mbele. Mama alichovya mkono kwenye makopo kila asubuhi baada ya sala yake, akatoa vikaratasi vitatu, akasoma kwa sauti: mlango wa baiskeli, kichochoro cha nne, daraja. Mara mbili nilibipu mara mbili, akageuka, akarudi zake, tukaenda kwa njia nyingine. Jioni alitupikia ugali wa unga aliokuja nao mwenyewe kwenye mfuko wa sukari, na Mkenya akawa anamwita mathe. Nilihesabu siku zilizobaki kwa sauti, kama afanyavyo mtu anayewapa wengine moyo. Ndani yangu nilikuwa hoi. Nilikuwa nalala nimevaa viatu.

Siku ya kumi na mbili, siku ya ndege, mama alikuwa tayari kabla hatujaamka. Alivaa gauni la kitenge, viatu vya wazi na kilemba cha rangi ya chungwa kilichoonekana kutoka mbali, na sikuwa na moyo wa kumwambia akivue. Pasipoti aliibana kifuani, ndani ya leso. Tiketi, ile karatasi iliyochapishwa, aliiweka kwenye mfuko wa nje wa sanduku ili isilowe jasho. Sanduku lilikuwa na gauni la zambarau na sare, ile iliyobaki baada ya mzigo mkubwa kutangulia kwa meli. Nikasema nitalivuta mimi. Mwanamke mwenye sanduku anayetembea polepole angewavuta polisi, na mimi nina pasi ya kuwaonyesha.

Akachovya mkono: mlango wa nyuma, kichochoro cha pili, kwenye taa. Nilifurahi, maana kwenye taa teksi ni rahisi.

Mzanzibari alikuwa amesimama mlangoni amevaa kofia yake, kama mtu aliyejiandaa kusindikiza.

"Leo ndo siku yenyewe," akasema. "Mie n'takuja nyuma yake, hatua khamsini. Wewe mbele, mie nyuma, mama kati."

"Watu watatu na sanduku ni maandamano, sheikh. Na wewe ukitoka, huyu Mkenya atavushwa na nani?"

"Mkenya atasubiri."

"Njia moja anatosha mtu mmoja," nikasema, kwa ile sauti yangu ya darasani. Akarudi nyuma akanipisha.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilishuka ngazi na sanduku, nikatoka mlango wa nyuma, nikapita katikati ya wauza mboga, nikaingia kichochoro cha pili, ambacho ni chembamba na kina kinyozi wa Kichina anayenyoa nje, kiti chake cha plastiki ukutani. Nilibipu mara moja. Nikageuka kidogo nikaona kilemba cha chungwa kimeingia kichochoroni. Mbele, mwisho wa kichochoro, kulikuwa na yale mabati ya bluu ya ujenzi wa treni ya chini, na pembeni yake kona yenyewe yenye taa. Nilipokaribia nikaona wametokea nyuma ya mabati, wanne, na meza yao. Ilikuwa bado naweza kubipu. Nikabipu mara mbili.

Mama akageuka, kama tulivyofundishana. Hakukimbia, alitembea vizuri tu. Na kutoka upande wa wauza mboga, kule nilikokwisha kupita, pale nilipokwisha kupaona, wakaingia wengine watatu.

Hapo ndipo nililiona kosa langu, kwa uwazi kabisa, kama vile naliona ubaoni. Jozi yangu ilikuwa na wa mbele na wa nyuma. Lakini ukimwambia wa nyuma ageuke, yeye ndiye wa mbele. Wakati huo huo mwenye viza anakuwa mkiani, hana kazi, na asiye na viza ndiye anayeongoza msafara. Niliihesabu jozi ile mara moja na kumbe ilikuwa mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ile ya pili sikuiwekea mtu. Kosa lile lile nililowagombezea watoto wa watu kwa miaka tisa.

Wale wa mbele wakaniomba pasipoti. Nikawapa. Mmoja wao, kijana, akaifungua, akatazama viza, akanitazama, akatazama sanduku, akaniuliza naenda wapi. Nikasema kwa Kichina changu kwamba nampelekea rafiki sanduku. Akanirudishia, akanipungia mkono nipite. Sikupita. Nilijibanza kwenye mabati nikatazama nyuma. Mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kinyozi, pasipoti yake mkononi mwa polisi mmoja mtu mzima, na alikuwa anaongea kwa mikono kama siku ile ya blauzi.

Zilikuwa hatua hamsini, labda sitini. Nilikuwa na viza. Nilikuwa na Kichina cha kutosha kusema huyu mama anaondoka leo, hii hapa tiketi yake, ndege yake ni ya saa tisa. Sanduku lilikuwa mkononi mwangu na tiketi ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wake wa nje. Lakini nikawaza kwamba wangeniuliza mimi ni nani kwake. Wangeniuliza chuo changu kiko wapi, mwalimu wangu anaitwa nani, mbona naonekana Zhanqian kila siku. Viza yangu nayo ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Niliogopa, basi. Nimetafuta neno jingine kwa miaka mingi na sijalipata.

Nilisimama pale dakika chache. Kisha nikavuta sanduku, nikazunguka, nikarudi nyumbani kwa mlango wa baiskeli.

Nyumbani nilisema walimbeba mara moja. Nilisema sikuwahi, kwamba nilipogeuka tayari gari lilikuwa linaondoka. Baada ya hapo nikaenda ukutani nikawaeleza kosa la hesabu, kwenda na kurudi, wa mbele na wa nyuma, nikaeleza vizuri mno, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nafuu. Mkenya alishika kichwa akasema, "Mathe, aki, mathe." Siku mbili baadaye akahama bila kuaga. Mzanzibari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbusha maneno yake. Aliniuliza swali moja tu, kama mama alikuwa amekunywa chai asubuhi ile.

Alhamisi yeye alikuwa na safari yake ya kurudi nyumbani, akajitolea kulichukua sanduku. Alilifikisha Dar, akawapigia ndugu zake mama kuwapa habari, akampa kondakta wa basi la Iringa, likafika Ijumaa jioni.

Jumamosi hiyo, saa sita mchana kwa saa za Guangzhou, simu yangu ikaita kwa namba ya Tanzania. Ilikuwa sauti ya binti. Huko kwao ilikuwa saa moja asubuhi na nyuma yake nilisikia vyombo na wanawake wakicheka.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ni yule binti. Mama ameshatoka?"

"Marahaba, mwanangu. Bado."

"Lakini leo si anaweza kutoka? Wakimtoa sasa hivi?"

Nilimwambia ndege ni safari ya siku nzima. Akasema ndiyo, analijua hilo, alitaka kuuliza tu. Akasema mama mdogo atasimama badala yake, na gauni la mama limemwingia, limebana kidogo mabegani. Ukumbi hawakuweza kuahirisha. Akanishukuru kwa kumkaribisha mama yake nyumbani kwangu, akasema mama alimpigia kila siku akimwambia yuko mikononi mwa mwalimu.

Mama walimtoa baada ya majuma matatu. Sikumwona. Wakampandisha ndege na muhuri wake. Mimi viza yangu ilipokwisha niliondoka mwenyewe, nikarudi kufundisha, na nikifika kwenye sura ile nikawa nampa mwalimu mwenzangu anifundishie. Namba ya mama ya Iringa nilikuwa nayo. Miezi ilipita, ikawa mwaka, sikupiga. Akapiga yeye.

"Kamwene, mwalimu."

Nikaitikia salamu hiyo ya kwao. Tukaulizana habari za afya, za duka, za binti, ambaye alikuwa amejifungua. Akasema ameiona sendoff kwenye video mara nyingi, na mdogo wake alijitahidi, isipokuwa alilia pale ambapo yeye asingelia. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia nina jambo la kuungama, nikaanza kueleza: nilikosea hesabu, mama, nilisahau kwamba ukigeuka wa nyuma anakuwa wa mbele, nilipaswa kuweka mtu wa tatu, na yule Mzanzibari aliniambia. Maneno yalitoka yamenyooka, nilikuwa nimeyarudia moyoni mara nyingi.

Alinisikiliza.

"Hiyo hesabu mimi siijui, mwalimu," akasema. "Mimi niligeuka nikakutana nao, basi, ndiyo dunia. Lakini hawakunichukua saa ile ile. Yule mkubwa wao alikuwa mtu wa huruma, alinipa kiti cha kinyozi. Nikamwonyesha kwa mkono, ndege. Nikamwonyesha kwenye saa yake, leo. Akafungua kiganja, hivi, kama anaomba karatasi. Nikamwonyesha kule mbele ulikokuwa, nikanyoosha kidole kimoja, yupo mtu, anakuja nayo. Akakubali. Akawasha sigara. Ilipokwisha akawasha nyingine. Wale vijana wake walitaka tuondoke, yeye akawakatalia."

Nikasema, "Mama."

"Nikafikiri labda wamekukamata na wewe. Nilikuombea huko ndani siku zote, wiki tatu nzima, nikijua na wewe uko ndani kwa ajili yangu. Walikukamata, mwalimu?"

Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya walimu, wanafunzi wanapita wananiamkia. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Hawakunikamata. Nilikuwa pale kwenye mabati. Nilikuwa nakuona."

Nilisikia mteja anamuuliza bei ya kitu, naye akaitaja.

"Basi, mwalimu," akasema. "Sanduku lilifika salama. Hakikupungua kitu. Hata tiketi tuliikuta humo humo mfukoni."